Joto Ndani ya Sanduku

Chuma kilicholowa mvua kikianza kupata joto kina harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kuishi ndani ya gari hawezi kuijua. Si kutu tu. Ni kutu, na sufu kuukuu, na dizeli iliyomwagika kabla hujazaliwa, na viazi vya jana, vyote vinaamka pamoja. Nikiinusa harufu hiyo leo, hata kama nimesimama sokoni hapa Butembo pembeni ya lori la kabichi linalofuka mvuke baada ya mvua, nabaki nimeshika kabichi mkononi. Narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, nimekaa juu ya kilima nje ya Kirumba, mikono nimeiweka kwapani, namngoja baba arudi kazini. Wenzangu sokoni wanadhani nachagua kabichi.

Baba alikuwa mtu wa serikali, wa idara ya barabara. Sisi ni watu wa Kindu, kule mtoni, ambako jasho linalowesha shati kabla chai haijapoa. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi, Feza, nilikuwa mtoto wake wa pekee. Barua ya uhamisho ilipofika, ndugu walimwambia baba aniache. Alikataa. Nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita Mama, na alisema kwamba hajaona mwanamume anayehama akamwacha mama yake nyuma. Tulipanda ndege, tukashuka Mavivi, pale Beni, ambako dada yake, Shangazi Josefina, alikuwa ameolewa na mwanajeshi. Tulilala kwake, tukala samaki, tukacheka. Beni kuna joto la kutosha mtu wa Kindu. Kisha tukaendelea na safari, Butembo, Lubero, hadi Kirumba, na kadiri gari lilivyopanda ndivyo baba alivyozidi kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

Nyumba aliyoahidiwa ilikuwa na watu ndani, na watu wale hawakuonyesha dalili yoyote ya kutoka. Basi akapewa Sanduku. Hilo ndilo jina ambalo wafanyakazi walikuwa wamelipa lile gari, na lilifaa. Lilikuwa gari la zamani la Wazungu wa kutembea dunia, gari ambalo ndani yake ni nyumba: kitanda, meza inayokunjwa, vikabati vyenye vishikizo vya shaba, sinki lisilo na maji, mapazia ya maua yaliyofifia kwa jua la nchi nyingi. Wenyewe injini iliwafia Butembo, wakakata tamaa, wakaenda zao. Gari likapita mikononi mwa huyu na yule mpaka likaangukia idara ya barabara, likakokotwa na katapila hadi kambi yetu ya kilimani, likaegeshwa kati ya mapipa ya lami na marundo ya changarawe. Mchana kambi ilijaa watu na kelele. Jioni kila mtu alirudi kwao kwa mkewe, na kilimani tukabaki baba, mimi na mapipa.

Chini ya kabati la nguo kulikuwa na kifaa cha gesi cha kupasha joto, kizuri, kidogo, na bomba lake la kutolea moshi. Baba alikipenda kwa macho. Lakini mtungi wake ulikuwa wa kwao Ulaya, na hakuna mtungi wa Butembo uliokubali kuingia pale. Alijaribu, akaapa, akajaribu tena. Mwishowe akakifanya kabati la soksi.

Baridi ya Kirumba, jamani. Watu wa pale hawaioni. Watoto wanateremka shule miguu mitupu kwenye ukungu, wanacheka. Sisi wawili tulikuwa kituko. Baba alivaa mashati mawili, juu yake tai, kwa sababu alikuwa mkubwa wa kazi, na juu ya tai sweta la mama, la kike, lenye vifungo vya lulu. Wafanyakazi walimtania. Aliwajibu kwamba kule Kindu mtindo huo umeshapitwa, wao ndio wanachelewa. Lakini nilimwona akirudi ndani, akikaa kitandani na kusugua magoti yake muda mrefu. Chuma hakihifadhi joto. Hewa tuliyopumua iligeuka maji darini na kutudondokea shingoni, na asubuhi mablanketi yalikuwa mazito kana kwamba kuna mtu amelala juu yake.

Na nilikuwa mpweke. Nasema wazi, maana watu wazima wana tabia ya kusema utoto ulikuwa mtamu. Shuleni mwalimu alifundisha Kiswahili na Kifaransa, lakini kengele ikilia uwanja mzima uligeuka Kinande, na mimi nikageuka ukuta. Waliniita mtoto wa Sanduku. Hawakunipiga, hawakunitukana sana. Walinizunguka tu, kama maji yanavyozunguka jiwe. Nilizoea kurudi nyumbani peke yangu, kufungua kile kimlango, kukaa kwenye kizingiti chake na kusikiliza nyumba ya chini ya kilima, ambako watoto wengi walipiga kelele mpaka giza lilipoingia. Sikuelewa wanachosema. Nilisikiliza hivyo hivyo, kama mtu anavyosikiliza redio ya nchi nyingine.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mama Kahindo. Alikuwa mama wa Kinande mwenye mabega mapana, mtu wa misa ya kila Jumapili, anayebeba gunia la viazi mgongoni kwa kamba ya kipajini huku akiongea bila kupumzika. Binti yake wa umri wangu, Kahindo, tulisoma darasa moja na hatukuwa tumebadilishana hata neno. Nilikwenda kwao kila asubuhi kuomba moto. Hiyo ni desturi ya pale: moto wako ukizimika usiku huhangaiki na kiberiti, unakwenda kwa jirani na kigae, anakuwekea makaa mekundu, unarudi mbio kabla hayajafa. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mama Kahindo alinipa makaa, akaniongezea kiazi cha kuchoma, akaniuliza habari za baba. Kahindo alisimama nyuma ya nguzo akinitazama. Niliitikia, nikashukuru kwa neno moja la Kinande nililokuwa nalo, wasingya, nikaondoka na moto wa watu.

Mwezi wetu wa pili pale nikaanza kukohoa. Kikohozi hicho kilinikalia kifuani wiki hadi wiki, na habari zake zikafika Beni kabla ya sisi kuzipeleka, maana madereva wa barabara hiyo hawabebi viazi tu. Shangazi Josefina akaja mwenyewe. Aliingia Sanduku, akagonga kichwa darini, akashika ukuta kwa kiganja, akakitazama kiganja chake kilivyolowa. Kisha akaketi na kumwambia baba, kaka yake mkubwa, alichokuja kusema.

"Yaya, hapa hapana nyumba ya mutoto. Huyu akikohoa tena, miye nakuja kumukamata, anakwenda kukaa na batoto bangu. Mukono moja hauleake mutoto."

Baba alicheka, akasema kwamba hata hivyo mkono wake ni mkubwa. Shangazi hakucheka. Alinisugua kifua kwa mafuta, akaniuliza kama nataka Beni, kwenye joto, kwenye binamu zangu. Nilimshika baba suruali. Sikuwa na mtu mwingine duniani, na yeye vilevile hakuwa na mwingine, hilo nililijua bila kufundishwa. Shangazi akaondoka na lori la jioni. Tangu siku hiyo mimi na baba tulikuwa na kazi moja tu: nisikohoe. Nikikohoa, tunatengana.

Baba akatangaza vita. Mtu wa barabara kazi yake ni kuziba mashimo, na aliliziba Sanduku kama anavyoziba barabara. Alikata tyubu za matairi, akazipigilia pembeni mwa mlango na madirisha. Juu darini kulikuwa na kifuniko cha kutolea hewa; akakifunga kwa turubai na waya. Sakafuni, karibu na mlango, akagundua mstari wa vitundu vilivyofunikwa wavu, vinavyopuliza baridi moja kwa moja kwenye miguu yetu. Alivitazama kwa mshangao wa kweli.

"Angalia, Mama! Bazungu nao! Banatoboa nyumba yao benyewe!"

Tulicheka mpaka nikataka kukohoa, nikajizuia. Akaenda nje, akachota lami ya moto kwenye pipa, akavimwagia vile vitundu mpaka vikapotea. Sanduku zima likanuka barabara mpya. Baba alisimama katikati, akainua kidole kilicholowa mate, akakizungusha pande zote kutafuta upepo. Hakuna. Alifurahi kama mtu aliyemaliza daraja.

Lakini nyumba isiyoingiza upepo si lazima iwe na joto. Tulibaki kwenye baridi iliyotulia. Mbabula yetu, lile jiko la makaa la bati, ilikaa nje chini ya kipande cha paa, tukapika nje, tukaota nje, tukaingia ndani kuganda. Ni Mama Kahindo aliyetushangaa. Alipanda kutuletea maharage, akatukuta tumejikunyata mezani, mbabula ikiwaka nje peke yake.

"Banani banafanya vile? Moto iko inje, batu bako ndani?" Akajipiga mapaja. "Ingizeni moto mu nyumba, Bwana. Kwetu moto inalala ndani miaka yote, na hapana mutu alikufa."

Ilikuwa kweli. Moto wa Mama Kahindo haukutoka nje tangu alipoolewa. Ila nyumba yake ilikuwa ya majani, na moshi ulipenya paa lote polepole, ukaonekana kutoka mbali kama nyumba inapumua. Hakuna aliyefikiria hilo. Si yeye, ambaye hakuwa amekaa ndani ya chuma maisha yake. Wala si baba, aliyetoka nchi ambako hakuna mtu mwenye akili anayeingiza moto ndani. Baba alikuwa na wasiwasi mmoja tu, na wasiwasi huo ulikuwa moshi. Akaupatia jibu. Unawasha mbabula nje, unangoja, moshi wote unaisha, makaa yanakuwa mekundu matupu. Hapo ndipo unaingiza. Pafukapo moshi pana moto, sote tunajua. Yeye akaligeuza: pasipofuka moshi hapana ubaya. Watu wengi wa kwetu wanaamini hivyo mpaka leo.

Ilikuwa Jumapili mchana. Tulipokuwa tukirudi kutoka misani, mvua ikatukamatia njiani, ile mvua ya vilimani inayokuja na mawe ya barafu, ikatuchapa mpaka nguo za misa zikashikamana na ngozi. Nilikohoa. Nilikohoa mara moja tu, nikafumba mdomo, lakini baba alisikia. Alinibadilisha nguo, akanifunga blanketi, akawasha mbabula chini ya kile kipaa na kuipepea kwa sahani huku barafu ikimpiga mgongoni. Alipoona makaa hayana moshi hata kidogo, akaibeba kwa vitambaa, akaiingiza, akaiweka juu ya bati katikati ya sakafu. Akafunga mlango. Akakaza na kipande cha tyubu kwenye kitasa, upepo usitufungulie.

Jamani, lile joto. Sitakuja kulisahau. Lilianzia magotini, likapanda. Maji ya darini yakakauka. Mapazia yakawa mepesi. Chuma kikaanza kutoa harufu yake, kutu na sufu na dizeli, na kwa mara ya kwanza tangu Kindu nikaona mabega ya baba yakishuka. Alivua sweta la mama, akaliweka mapajani, akaanza kunisimulia habari za mama. Tangu mazishi hakuwa amemtaja. Alisimulia jinsi walivyokutana kwenye kivuko, mama amebeba kuku, kuku akaruka majini, baba akajirusha na suruali yake ya kazi. "Nikamufuata ile kuku," alisema, "na miye hata kuogelea hapana jua muzuri." Nilicheka. Nilitaka asimalize. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, mahali pangu pa siku zote, nikamwambia aendelee, kuku alipatikana?

Nje watoto wa Mama Kahindo walikuwa wametoka kuokota mawe ya barafu. Niliwasikia wakipiga kelele, wakitafuna barafu, wakirushiana. Pale kwenye pembe ya chini ya mlango tyubu ya baba ilikuwa fupi, haikufika, na palikuwa na ufa mdogo. Niliweka shavu pale ili niwasikie vizuri, kama nilivyozoea, huku sikio la pili likimsikiliza baba. Kichwa kilianza kuniuma. Nilidhani ni kilio kinataka kuja, kwa sababu ya mama. Baba alisema kuku... kuku... akanyamaza. Nikangoja. Nikasema, "Baba, endelea." Alikuwa ameegemea kabati, mdomo wazi, uso umekuwa mwekundu na mzuri kuliko siku zote, sweta limemdondoka.

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika, nilidhani amelala, ameniacha peke yangu na hadithi nusu, na watoto wale wanacheka nje. Nikamwita tena. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Hofu ilinijia bila jina. Sikujua kwamba tunakufa. Nilijua tu kwamba baba yupo na hayupo, na mimi siwezi kukaa mahali ambapo baba hayupo. Nikaifungua ile tyubu ya kitasa iliyofungwa kwa fundo ambalo yeye mwenyewe alinifundisha, nikausukuma mlango kwa kichwa, nikaangukia nje kwenye barafu.

Kahindo alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mashavu yamejaa barafu. Aliitema yote.

"Weye, uko na nini?"

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia. Nilinyoosha kidole ndani. Alichungulia, akapiga yowe, na mama yake akaja mbio kutoka chini akiwa na mwiko mkononi. Mwanamke yule hakuuliza swali. Aliingia, akamshika baba kwapani, akamburuta kama gunia lake la viazi, kinyumenyume, mpaka nje, akamlaza juu ya barafu, akampiga makofi mashavuni akimwita kwa Kinande na Kiswahili na majina ya watakatifu wote. Mawe ya barafu yalimdondokea baba usoni, yeye kimya. Mimi nilimshika kidole gumba cha mguu, sikupata sehemu nyingine. Halafu akavuta pumzi. Moja, yenye sauti ya kukwaruza. Kisha akatapika, akafungua macho, akanitafuta kwa macho hayo huku na huku.

"Mama," alisema. "Mama iko wapi?"

"Niko hapa, Baba."

Kwenye kituo cha afya cha Kirumba muuguzi alitueleza. Makaa yanakula hewa, alisema, na yanatema sumu isiyo na moshi wala harufu. Mahali palipozibwa inamlaza mtu kama usingizi, naye anajisikia vizuri tu. Mama Kahindo, aliyetusindikiza, alikaa chini pale pale. "Miye njo nilibaambia," alirudia, kwamba ni yeye ndiye aliyetushauri, "miye njo nilibaambia," mpaka baba, kichwa chake bado kinapasuka, akawa ndiye wa kumtuliza. Alimwambia ushauri ulikuwa wa jirani mwema, kosa lilikuwa la lami.

Kesho yake, kabla hata ya chai, baba alichukua tindo na nyundo, akapiga magoti, akaibandua lami yote kwenye vile vitundu vya sakafuni. Kimoja kimoja. Akafungua turubai la darini. Alikaa akavitazama muda mrefu, vya chini na cha juu, akasema polepole, si kwangu, "Kumbe bale Bazungu balikuwa banajua." Tangu hapo mbabula haikuvuka tena kizingiti. Tukaanza maisha mengine. Tulipasha mawe nje, mawe makavu ya changarawe ya kambi, si ya mtoni, maana la mtoni lilipasuka siku ya kwanza likatutawanyia makaa. Tuliyaweka kwenye sufuria yenye majivu, tukafunika, tukaingiza sufuria chini ya meza. Baba alijaza chupa maji ya moto, akaifunga soksi, akaniwekea miguuni. Tulitandika katoni na nyasi kavu chini ya godoro. Na Kahindo akawa anapanda kila jioni kutusaidia kubeba mawe. Alinifundisha Kinande cha matusi kwanza, kisha cha salamu. Uwanjani shuleni akanishika mkono mbele ya wote. Nilikuwa nimepata mtu.

Lakini mawe yanapoa. Hewa safi ya Kirumba ni hewa ya baridi, na sasa iliingia juu na chini kama mwenye nyumba. Mimi nilianza kulala usingizi mwepesi, nikisikiliza kama baba anapumua, nikisikia pumzi, nalala, nisipoisikia, namgusa. Naye alikuwa akinisikiliza mimi. Nilikohoa ndani ya blanketi, nikauma sufu, nikameza. Nilidhani nimemshinda ujanja.

Jumamosi moja nikamkuta Shangazi Josefina amekaa mezani, kofia yake ya safari kichwani. Hakuwa amekuja kwa habari za madereva. Baba ndiye aliyemwita.

Nilipiga kelele. Nilimwambia baba sisikii baridi, sijawahi kusikia baridi hata siku moja.

"Mama, unasema uongo kama baba yako," alinijibu. Kisha akachuchumaa mbele yangu, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Sikia. Nilifunga mashimo yote ili nisikukose, karibu nikukose kabisa. Bora nikukose uko Beni, unapumua."

Nilimchukia siku ile, na nilimpenda, na sikuweza kuvitenganisha. Asubuhi ya safari alipasha jiwe moja, la mviringo, akalifunga ndani ya sweta la mama lenye vifungo vya lulu, akanipakatisha kwenye kiti cha mbele cha lori, mimi na Shangazi. Mama Kahindo alileta viazi. Kahindo hakuja, nilimwona kwa mbali nyuma ya nguzo ya kwao, kama zamani. Baba alisimama barabarani kwake, kati ya mapipa, na tai yake. Lubero jiwe lilikuwa bado na uvuguvugu. Nilipoingiza mkono tulipofika Butembo, lilikuwa jiwe tu.

Beni nilipona kikohozi kwa muda mfupi. Kulikuwa na joto, kakao ikianikwa uani, binamu wakinirukia, ndege zikishuka Mavivi na kutikisa mabati. Binamu zangu waliuliza jiwe ni la nini. Shangazi aliwafokea waliache. Nililala katikati ya watoto wengi kuliko nilivyowahi kuona, nikasikiliza pumzi zao zote, na hakuna iliyokuwa ile. Baba alikuja Krismasi. Akaja Pasaka. Kisha barabara ile ikawa haipitiki, kazi ikasimama, serikali ikamhamisha tena, huko na huko, mwishowe ikamrudisha Kindu. Tulisema tutaishi pamoja nikimaliza shule ya msingi. Kisha nikimaliza sekondari. Kumbe ile asubuhi ya lori ndiyo ilikuwa mwisho wa sisi kuishi chini ya paa moja. Laiti ningejua, ningeshuka.

Leo ninaishi Bulengera, hapa hapa Butembo, nimeolewa na mwenyeji wa hapa, na nauza vitambaa. Nyumba yetu ni ya matofali, ina vioo, ina dari, ina mlango wa chuma unaofunga sawasawa. Blanketi ninazo hadi za kugawa. Sijaganda miaka mingi. Jioni za ukungu tukiwasha mbabula, inawaka barazani, na ikipikiwa jikoni mvua inaponyesha, mlango unabaki wazi, hata upepo uwe mkali vipi. Mume wangu analalamika. Anasema ameoa mtu wa Kindu ili ale samaki, akapata mlinzi wa upepo. Majirani wapya wenye nyumba nzuri, zilizozibwa vizuri kuliko alivyoziba baba, wananiona nikiwagongea dirisha na kuwaambia watoe makaa nje, na wengine wananijibu, mama, haina moshi. Hapo nakaa kitako nawasimulia, watake wasitake.

Kinachozuia mlango wangu usijifunge ni lile jiwe la Kirumba. Limekwaruzika, watoto wangu wanalikanyaga. Kila Jumapili baada ya misa baba ananipigia simu kutoka Kindu. Amezeeka, miguu haimchukui hata hadi kivukoni, na kati yake na mimi hakuna barabara, yeye aliyetengeneza barabara maisha yake yote. Ameniambia, mwishowe, kwamba kuku alipatikana. Haulizi kwanza habari za afya wala za biashara.

"Mama, mulango?"

"Uko wazi, Baba."

"Na jiwe?"

"Njo linaushika."

"Bon," anasema. Halafu tunaishiwa maneno, lakini hakati, nami sikati. Nabana simu sikioni, nakaa pale mlangoni kwenye baridi, nasikiliza anavyopumua, mpaka salio lake linaisha.